Mjadala: Programu ya simu imfundishe mtoto usalama wa baiskeli, au tunamtwisha mzigo wa wakubwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, naleta mezani jambo linaloninyima usingizi tangu nijiunge na kikundi kinachobuni programu ya kufundisha watoto wa shule usalama wa baiskeli. Ndani ya kikundi tumegawanyika. Wapo wanaosema simu ndiyo itakayowafikia watoto wengi kwa muda mfupi. Wengine wanasema baiskeli haifundishwi kwa kidole, na kwamba programu yenyewe ni njia ya kukwepa kazi ya kujenga barabara salama. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: programu ina faida pale tu inapomtoa mtoto kwenye skrini na kumpeleka uwanjani akiwa na mtu mzima. Kama haifanyi hivyo, bora isitengenezwe.

Nieleze kilichonifikisha hapo. Mchezo wetu wa kwanza tuliujaribu na watoto wa miaka 9 hadi 11. Mtoto anaona barabara, anabonyeza "tazama nyuma", picha inageuka, anakagua kama kuna gari, anabonyeza "nyoosha mkono", anakata kona. Msichana mmoja alipata alama zote. Tukatoka naye nje, tukachora mstari wa chaki wa mita kama 20, tukamwomba aendeshe juu yake na nikimwita ageuze shingo aniambie nimeinua vidole vingapi. Alipogeuka, bega lilifuata shingo, mkono ukafuata bega, usukani ukafuata mkono. Gurudumu la mbele likaacha mstari kwa karibu mita nzima. Vidole alivihesabu sawasawa. Barabarani, kwenye mita hiyo ndipo linapopita gari. Kitufe kilikuwa kimemfundisha jibu, shingo yake hakikuifundisha kitu.

Na si yeye tu. Mwaka 2004 Jodie Plumert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa baiskeli iliyofungwa mahali pamoja na kuzungukwa na skrini kubwa. Watoto wa miaka 10 na 12 walichagua nafasi kati ya magari sawa na walizochagua watu wazima, lakini walipomaliza kuvuka walikuwa wamebakiwa na muda mfupi zaidi kabla gari halijafika. Jicho lilichagua vizuri, mwili ukachelewa kuanza. Mwaka 2011 John Wann na wenzake nchini Uingereza wakaonyesha kwamba watoto wa shule za msingi hawawezi kutegemewa kutambua gari linalowajia kwa zaidi ya kilomita 32 hivi kwa saa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuijua kanuni neno kwa neno na bado akagongwa.

Naomba michango yenu. Tuendelee, au tuache?

Mzazi wa watoto watatu

Napinga hoja, ndugu mwanzisha mada, tena umenipa silaha mwenyewe. Kama jicho la mtoto haliwezi kupima gari lenye kasi, basi apunguzwe kasi mwenye gari. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka 9 kwamba dawa ya jambo hilo iko kwenye simu ya mama yake.

Angalieni Uholanzi. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa barabarani nchini humo. Wazazi hawakudai vitabu vya mafunzo. Waliingia barabarani, wakaanzisha vuguvugu lililoitwa "Stop de Kindermoord", yaani komesheni mauaji ya watoto, wakadai mitaa ijengwe upya. Ndiyo maana leo watoto wao wanaenda shule kwa baiskeli. Hofu yangu ni kwamba siku mtoto akigongwa, mtu atafungua programu yenu na kusema: mbona somo la nne hakulimaliza?

Mwalimu wa darasa la tano

Mzazi mwenzangu, nakubaliana nawe kuhusu barabara. Ila watoto wangu wanaondoka saa hii kwa baiskeli, na barabara hiyo unayoidai haitakuwa tayari kesho asubuhi. Na Waholanzi hao hao hadi leo wana mtihani wa usalama barabarani kwa wanafunzi wa shule za msingi, wa maandishi na wa kuendesha. Walijenga na wakafundisha.

Shida yangu ni muda. Nikitumia vipindi vyote kueleza alama za barabarani na jinsi ya kufunga kofia ngumu, sipati nafasi ya kutoka nje. Kama simu ingebeba sehemu hiyo, mimi ningebaki na uwanja. Uingereza wana mpango wa Bikeability, ulioanza mwaka 2007: ngazi ya kwanza ni mahali pasipo magari kabisa, ya pili ni barabara tulivu, ya tatu ndiyo yenye magari mengi. Hakuna anayeruka ngazi. Programu yenu ifuate mpangilio huo, na uwanja uwe ndio mwalimu mkuu.

Fundi baiskeli

Nina moja tu, naona hamjaligusa. Nchini Uingereza breki ya mbele hukaa mkono wa kulia. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, hukaa kushoto. Ukichora somo la breki kwa kunakili picha ya kwingine, utamfundisha mtoto kubana breki ya mbele peke yake huku anadhani ni ya nyuma. Kwenye mteremko atarushwa juu ya usukani.

Kwa hiyo msimwambie "kulia" wala "kushoto". Mwambieni asimame kando ya baiskeli, abane breki moja, aisukume, aangalie gurudumu lipi limekataa kuzunguka. Hapo ameijua baiskeli yake yeye. Pia muulizeni kama vidole vinafika kwenye mkono wa breki. Watoto wengi wanaoletwa kwangu hawafiki, wanabana kwa ncha za vidole viwili, na karibu na mkono wa breki mara nyingi kuna skrubu ndogo ya kuusogeza karibu ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Upepo, breki, cheni: hayo kila asubuhi.

Mtengeneza programu

Mkuu fundi, hilo la breki limenigusa, kwa sababu lipo pia upande wa kuendesha. Mchezo uliochorwa kwa nchi ya kuendesha kulia ukipelekwa ya kushoto, haitoshi kupindua picha kama kioo, maana maelezo hayapinduki pamoja nayo, na kona ngumu inahama: kwa wanaoendesha kushoto, kona ya kuogopa ni ya kulia, ile inayokatiza magari yanayokuja. Sauti, maandishi, mkono unaonyooshwa, vyote vinabadilika.

Mimi nina masharti mawili. La kwanza, saa inayohesabu iondolewe. Mtoto anayepewa nyota kwa kumaliza haraka anafundishwa kuharakisha, na kuharakisha ndiko tunakokupinga. La pili, programu isijue mtoto yuko wapi. Uingereza ina kanuni ya mwaka 2020 ya huduma za mtandaoni za watoto, inayotaka kufuatilia mahali mtoto alipo kuwe kumezimwa tangu mwanzo isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Sisi hatuna sababu hiyo. Alama zibaki ndani ya simu, na ifanye kazi bila intaneti.

Mchangiaji asiyeridhika

Mnajadili rangi ya nyumba isiyo na msingi. Mwaka 2002 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio 15 ya kufundisha usalama wa watembea kwa miguu, mengi yakiwa ya watoto. Ujuzi uliongezeka, tabia nazo katika baadhi ya majaribio zilibadilika. Lakini hakuna hata jaribio moja lililopima kama majeruhi walipungua. Nanyi mtapima nini? Idadi ya waliopakua?

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango, nimeisoma yote zaidi ya mara moja.

Ndugu asiyeridhika, idadi ya waliopakua hatutaitangaza kama ushahidi wa usalama. Tutapima mstari wa chaki: mtoto anageuza shingo mara 5, tunahesabu mara ngapi gurudumu limetoka, kabla ya mafunzo na baada yake. Hilo halithibitishi kwamba majeruhi watapungua, na tutaliandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza ambao mzazi anauona.

Saa imeondolewa jana. Kitufe cha "tazama nyuma" nacho kimeondolewa, mahali pake somo linasimama na kusema: toka nje, chukua chaki, mwite mtu mzima. Somo linalofuata halifunguki mpaka mtu mzima huyo athibitishe. Najua baadhi yao watathibitisha wakiwa wamekaa kwenye kochi. Hilo sijalipatia jibu, mwenye wazo alilete. Jaribio la breki la fundi linaingia kama somo la kwanza kabisa, hata kabla ya kofia.

Mzazi, wewe ndiye uliyenikosesha raha zaidi. Nimependekeza kwenye kikundi kwamba programu isitunze rekodi yoyote ya masomo yenye jina la mtoto, ili isije ikatumika dhidi yake kama unavyohofia. Na mwisho wa kila ngazi, darasa zima na mwalimu wao wachore kwenye karatasi sehemu za njia ya shule wanazoziogopa: penye lori linalokata kona, penye magari yaliyoegeshwa ambayo mlango unaweza kufunguliwa ghafla. Karatasi hiyo ipelekwe kwa wenye mamlaka ya barabara ikiwa na sahihi za wazazi. Wenzangu wawili wanasema hiyo ni siasa, haina nafasi kwenye programu ya watoto. Tunapiga kura wiki ijayo, na ningependa niende na maoni yenu mkononi.