Mita 8 kwa 6 nyuma ya nyumba: stroberi, bluberi, rasiberi na mizabibu mitatu vitakaa pamoja?

MkonoWaJembe
Habari wadau. Nina kieneo cha mita 8 kwa 6, jua linapiga asubuhi mpaka alasiri. Nusu nilikuwa nalima nyanya na bilinganya, nusu ni nyasi tu. Watoto wanadai stroberi, mimi roho yangu iko kwenye zabibu, na bluberi na rasiberi kidogo zisikose. Udongo ni mfinyanzi. Jivu la jikoni ninalo tele, na samadi ya mbuzi. Nianzie wapi?

BiMkasi
Jivu hilo liweke mbali kabisa na bluberi. Bluberi zinataka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imeongezeka) 4.5 hadi 5.5, na jivu linaipandisha. Samadi nayo haizifai. Utaona majani yanageuka njano, mishipa inabaki kijani, mche umedumaa. Pima udongo kabla hujanunua chochote. Ikizidi 6, mimi nisingeshindana na mfinyanzi: salfa hushusha pH, lakini huchukua miezi. Panda kwenye mapipa yenye matundu chini, aina mbili tofauti ili zichavushane. Mapipa yakae upande wa nyanya.

Kwa nini huko? Kwa sababu stroberi na rasiberi hazitakiwi palipolimwa nyanya, bilinganya au viazi. Kuna kuvu ya mnyauko inayoishi ardhini miaka mingi na mimea hiyo yote inaambukizwa. Stroberi zipeleke kwenye nyasi, ila ng'oa nyasi mpaka mizizi. Moyo wa mche, pale majani yanapochomoza, ukae usawa wa udongo, ukiufukia unaoza.

Kivulini
Na mizabibu? Ya kwangu imefunika kibanda chote, majani ya kutosha, zabibu za kuhesabu. Niongeze mbolea?

BiMkasi
Usithubutu! Mbolea ndiyo inakuzidishia majani. Chukua mkasi. Zabibu huzaliwa kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita. Matawi makuukuu hayakupi kitu, yanabeba tu. Mzabibu ukiwa umelala, kabla haujachipua, ondoa hata asilimia 90 ya matawi yaliyoota msimu uliopita. Najua mkono unatetemeka. Kata. Ukikata umechelewa utaona maji yanachuruzika kwenye kidonda. Yanatisha macho tu, mti haufi.

MkonoWaJembe, mitatu yako iachane mita 2, nguzo imara, waya mbili: mmoja mita 1 kutoka chini, wa pili karibu mita 1.8. Mwaka wa kwanza lea shina moja tu linyooke. Vichala vikijitokeza mapema viondoe, mizizi ikomae. Tegemea mavuno ya maana mwaka wa tatu.

MkonoWaJembe
Nina uzio wa matofali tayari. Siwezi kuiegemeza hapo nikaokoa nguzo?

BiMkasi
Waya zikae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita nyuma yake, hewa izunguke. Majani yakigandana na tofali, ubwiri unga, ile kuvu nyeupe kama unga, hautakuacha.

Kivulini
Rasiberi mmezisahau.

BiMkasi
Hizo ziende pembeni, peke yake, mbali na stroberi. Zinatupa machipukizi kila upande. Na ujue umenunua aina gani: nyingi huzaa kwenye fimbo (mashina yake) za mwaka wa pili, kisha fimbo hiyo hufa, unaikata chini kabisa. Ukifyeka zote kila mwaka kwa usafi, hutaonja hata moja.