Askari wa kaunti amesimamishwa kazi Kisumu: aende kortini moja kwa moja?

KandoYaZiwa: Askari wa kaunti, mwajiriwa wa kudumu, amepewa barua ya kusimamishwa kwa nusu mshahara baada ya vurugu na wachuuzi. Barua inataja "utovu wa nidhamu" tu, bila tarehe wala tukio. Msimamizi anamshauri ajiuzulu. Ana kinga gani? Akifutwa, aanzie wapi?

Masjala: Asijiuzulu hata kidogo. Akijiuzulu mwenyewe, uamuzi wa kukatia rufaa anautoa wapi?

Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kufutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa sheria. Kinakataza pia kuonewa kwa sababu ya kutekeleza kazi yake kisheria, na hapo ndipo askari wengi hawaangalii. Kama alitumwa, karatasi ya zamu ya siku hiyo ni ushahidi. Atafute nakala mapema, kabla haijapotea.

Ajibu barua ndani ya muda iliyompa. Aombe tarehe na mahali pa tukio, kanuni anayodaiwa kuvunja, taarifa za mashahidi, na video kama ipo. Asijitetee kwa kosa ambalo hajaandikiwa, maana atakuwa amewapa mashtaka yenyewe. Nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa.

Aangalie pia nani ametia sahihi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 59, inaipa bodi ya utumishi ya kaunti mamlaka ya nidhamu. Aliyetia sahihi akiwa ni afisa wa idara, askari aulize kwa maandishi afisa huyo alikabidhiwa mamlaka hayo na nani.

MwakilishiNakuru: Naongeza kuhusu kikao cha nidhamu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye. Huwa wanamwita mtu "aje tuongee", kisha mazungumzo yanaandikwa kuwa kikao cha nidhamu. Aulize mlangoni kama hicho ni kikao, na jibu liandikwe.

Masjala: Sasa rufaa, ndugu yangu, maana hapa ndipo kesi nyingi hufia. Bodi ikimfuta, hatua inayofuata ni Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi (kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti). Akikimbilia Mahakama ya Ajira kwanza, iwe Kisumu au Nakuru, kesi hutupwa, kwa sababu kifungu cha 87 cha Sheria ya Tume ya 2017 kinataka rufaa hiyo imalizwe kwanza. Wakati huo siku 90 zimeshapita. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiridhika na sababu, lakini asilitegemee hilo.

Aambatishe barua zote, majibu yake na kumbukumbu za kikao. Muda wa kwenda kortini ni miaka 3. Auhesabu tangu siku ya kufutwa, asisubiri jibu la rufaa ndipo aanze kuhesabu.

KandoYaZiwa: Asanteni sana. Na polisi wa kawaida?

MwakilishiNakuru: Hao wako chini ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Rufaa ya askari wa kaunti ikipelekwa huko, ni siku za bure zinazokatwa kwenye zile 90.