Sanamu ya Askari pale Posta: mnapoitazama mnahisi nini?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu juu ya jambo lililonikuta mwezi uliopita na ambalo bado sijalimaliza moyoni.

Kazi yangu iko katikati ya jiji la Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na moja nimepita karibu kila siku kwenye kiplefti cha Samora na Azikiwe, pale ilipo Sanamu ya Askari, ambayo baadhi ya wazee bado wanaiita Bismini. Kwangu ilikuwa alama ya kumwelekezea mgeni njia, basi. Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka Masasi kwa matibabu, na siku tulipomaliza shughuli za hospitali aliniomba tuvuke barabara aitazame kwa karibu. Babu yake mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi. Katika ukoo wetu habari zake huishia hapo. Nikamsomea mama maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye msingi, ambayo yanawakumbuka askari wenyeji wa Afrika pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mama aliizunguka sanamu taratibu, akarudi nilipokuwa nimesimama, akaniuliza: "Mwanangu, mzigo uko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Juu ya msingi yuko mtu mmoja tu wa shaba, ameinama kidogo kwa mbele, bunduki mkononi, na singe yake imeelekea bandarini. Mpagazi ametajwa kwa maneno, lakini hakupewa mwili. Nilipatwa na hasira ambayo sijawahi kuihisi mbele ya kitu kisicho na uhai, na hasira hiyo ilikuwa inamwelekea askari mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyechukua nafasi ya babu yetu. Siku mbili baadaye nilirudi peke yangu jioni, nikamtazama usoni kwa muda mrefu, nikamwona ni kijana aliye vitani, wala si mtu wa kuonewa wivu. Tangu hapo hisia hizo mbili zinavutana ndani yangu. Ninyi mnaposimama mbele ya sanamu za namna hii mnahisi nini? Je, ni haki kuidai sanamu kitu ambacho mchongaji hakukiweka?

Mwalimu mstaafu, Dar es Salaam

Kwanza mfikishie mama salamu zangu, na umwambie kwamba nimefundisha historia maisha yangu yote bila kuliuliza swali lake.

Mimi naipenda sanamu hiyo, na ningependa ujue sababu. Zama za Wajerumani mji huu ulikuwa na mnara wa Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana. Wissmann alisimama juu, na chini yake alikuwapo askari wa Kiafrika aliyeinua macho kumtazama, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliuondoa mnara ule, na hatimaye ukasimamishwa Hamburg, kwenye chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipouangusha katika miaka ya 1960. Mwaka 1927 ndipo ilipozinduliwa sanamu tunayoizungumzia. Kwa hiyo kila ninapomwona askari wetu namwona mtu aliyekuwa chini akiinua shingo, na sasa yuko juu peke yake, hamtazami bwana yeyote. Najua vyema kwamba alichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, na kwamba alisubuliwa London kwa heshima ya dola iliyotutawala. Hata hivyo moyo wangu huinuka.

Kuhusu ile ahadi ya jina, maneno yale yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee wa kiume alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 18, na baba akafa bila kujua kaburi la mwanawe. Ndiyo maana siwezi kuyasoma kama maneno ya hila tu, ingawa mtu aliyeyaandika aliutetea ukoloni kwa kalamu yake. Lakini utaona kwamba yanawaachia wana kazi ya kukumbuka, wala hayasemi serikali itafanya nini. Serikali haikuandika majina. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Mama yako anadai haki yake. Nisichokubaliana nacho ni kumkasirikia askari, kwa sababu yeye naye hana jina pale juu.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu mleta mada, huku kwetu, kwenye barabara ya Kenyatta, iko kazi nyingine ya mchongaji huyo huyo kwa kumbukumbu ya vita hiyo hiyo, na ina watu watatu. Mmoja wao ni mpagazi. Amesimama sambamba na wenye bunduki, juu ya msingi mmoja nao, kimo kimoja nao. Nimepita hapo tangu nikiwa mwanafunzi na nakiri kwamba macho yangu yalikuwa yakienda kwa wenye silaha. Baada ya kusoma swali la mama nimekwenda leo mchana kumtazama mpagazi peke yake, nikahisi aibu na furaha kwa pamoja. Majina ya mitaa yetu yamewahifadhi wapagazi kuliko shaba ilivyowahifadhi, maana Kariakoo yenu na Kariokor yetu yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps.

Sanamu inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu aliponyongwa. Yeye ana jina na ana uso, lakini alizikwa katika gereza la Kamiti bila alama, kwa hiyo nikisimama pale mtaani huwa najihisi nimekwenda kuzuru kaburi.

Mchangiaji, Unguja

Mimi nataka kusema juu ya kimo tu. Pale Mkunazini, kando ya kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, kuna sanamu za watu watano zilizochongwa na Clara Sörnäs kutoka Sweden mwaka 1998. Wamo ndani ya shimo, na minyororo iliyo shingoni mwao ni ya kweli, ya zama zile. Hao huwatazami kwa kuinua kichwa. Inakubidi uinamishe shingo, na ukishainama unajikuta umesimama pale aliposimama mnunuzi. Mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua mbili bila kukusudia. Tangu siku ile siamini kwamba sanamu ya heshima lazima iwekwe juu, na nafikiri mpagazi wa mama angestahili kuwekwa chini, barabarani, katikati ya wachukuzi wa Kariakoo wanaobeba magunia mpaka leo.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Mwalimu, umenisaidia kumsamehe askari. Ndugu wa Unguja, nimemsomea mama maneno yako kwa simu, akanyamaza kwa muda, kisha akasema wachukuzi wale akiwapita huwa anawapa pole. Ndugu wa Nairobi, nina ombi moja kwako: ukipita tena barabara ya Kenyatta, nipigie picha ya mpagazi, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni. Mama hawezi tena safari ndefu, na amesema anataka kumwona.