Kaa laini wa Chesapeake: waliovua, walionunua, waliopika, tupeane uzoefu

Mama Shani
Wakuu heshima kwenu. Mwezi wa tano ndo huu, maji ya Chesapeake, ghuba yetu huku mashariki mwa Marekani, yameshaanza kupata joto na kaa laini wameanza kutoka, huku Maryland kila mwenye duka la samaki kaweka kibao nje. Kwa wageni, kaa laini sio jamii nyingine ya kaa, ni huyuhuyu kaa wa bluu tunayemgonga kwa nyundo majira yote ya joto, ila huyu amewahiwa ndani ya zile saa chache baada ya kujivua gamba (gamba kweli, sio lile la CCM la 2011) kwa hiyo unamla mzimamzima, miguu, magando, kila kitu.

Naanza mimi. Mimi ni mnunuzi tu, mambo ya kuingia majini siyawezi. Cha kwanza naangalia uhai. Kaa laini hachangamki kama yule mgumu, analala tu kwenye trei juu ya majani au gazeti bichi, asiyejua anadhani kafa. Mguse karibu na macho au mdomo, akicheza hata kidogo tu chukua, asipotikisika mwache hapohapo, na ukisikia harufu ya amonia usiulize hata bei. Cha pili pitisha kidole mgongoni. Akibonyea sawasawa huyo ndo wenyewe, ila ukisikia gamba linalialia chini ya kidole ujue ameshaanza kukaza, utamtafuna mpaka taya ziume. Kuna duka moja sitalitaja walikuwa wanapanga waliokaza chini na laini juu, siku hizi nageuza trei nzima mbele ya muuzaji, anune asinune.

Saizi zinaandikwa kwa majina kufuata upana wa gamba: "hotel" ni inchi 4 mpaka 4.5, "prime" 4.5 mpaka 5, "jumbo" 5 mpaka 5.5, zaidi ya hapo "whale". Watu wanakimbilia whale kwa sababu ya ukubwa, mi nasema prime ndo kaa wa kula, yule mkubwa ngozi yake nzito na ndani maji mengi. Haya leteni za kwenu.

Dullah wa Norfolk
Dada Shani hapo kwenye whale nakupinga lakini tuyaache. Mimi ni wa kuvua. Hawa jamaa wakikaribia kujivua wanajificha kwenye nyasi za majini maana hapo hawana ulinzi wowote, samaki anawataka na kaa wenzao wanawala vilevile, yaani kaa mgumu akimkuta ndugu yake laini hamwachi. Kwa hiyo maji yakipwa unaingia na buti ndefu kwenye nyasi, wavu wa mpini mrefu mkononi, ndoo unaivuta kwa kamba nyuma yako, unatembea taratibu kabisa maana ukitibua tope basi huoni kitu tena. Sehemu nyingine ni nguzo za gati, wanang'ang'ania pale chini kidogo ya maji, unapandisha wavu kutoka chini kwenda juu umkwangue.

Ukikuta dume kambeba jike chini yake, nyanyua wote. Jike wa kaa wa bluu anapandwa akijivua gamba la mwisho kuelekea utu uzima, so dume anamtafuta siku kadhaa kabla, anambeba, anamlinda mpaka gamba jipya likaze. Wavuvi wa biashara wamelifanya mtaji hilo, mtego wa kaa hawaweki nyama wala kichwa cha samaki, wanafungia madume makubwa mazima ndani na majike wanaokaribia kujivua wanajipeleka wenyewe. Nilipoelezwa nilicheka sana, chambo ni bwana harusi!

Rula muhimu. Maryland na hata huku Virginia kaa laini chini ya inchi 3.5 ncha kwa ncha ya gamba anarudi majini. Na someni kanuni za jimbo lenu kila mwaka kabla ya kutoka, leseni, majike, idadi, zinabadilishwa na askari wa maliasili hataki kujua ulisoma za mwaka gani.

Toto La Mjini
Ngoja kwanza. Mnamla NA gamba?? Na yale macho yake mawili yanakuangalia??

Mama Shani
@Toto La Mjini macho yanakatwa mdogo wangu, msubiri Bi Mvita aje na mkasi.

Mzee wa Gati
Vijana mmegusa kazi yangu ya zamani. Nilikaa msimu na wazee wa upande wa Crisfield, mji wa wavuvi wa kaa huko Maryland, kwenye kibanda cha kuwasubirisha kaa mpaka wajivue, na niwaambie tu kaa laini wengi mnaonunua hawakuvuliwa wakiwa laini. Wanavuliwa wakiwa bado na gamba gumu ila dalili zipo, halafu wanangojewa.

Dalili iko mguu wa mwisho, ule uliotanuka anaoogelea nao. Kwenye kipande cha pili kutoka mwisho, pembeni kabisa, kuna kistari chembamba. Kikiwa cheupe bado ana wiki kama mbili hivi, kikiwa cha pinki wiki moja, kikiwa chekundu ni siku moja mpaka tatu. Mwanzoni sikuwa naona kitu, mzee mmoja anamnyanyua kaa juu ya taa sekunde moja anamrusha trei ya wekundu, mimi bado nakodoa. Lazima watenganishwe maana weupe bado wana nguvu na wanakula wenzao.

Sasa kujivua kwenyewe. Gamba linapasuka kwa nyuma, pale mgongo unapokutana na tumbo, halafu anaanza kutoka kinyumenyume, anatulia, anasukuma, anatulia. Miguu inachomolewa yote kwa pamoja kutoka kwenye soksi zake za zamani na magando ndo kazi kubwa, maana nyama ya gando nene inabidi ipite kwenye kiungo chembamba. Wengine robo saa tu tayari, wengine wanahangaika saa na zaidi, wengine wanafia humo. Anachoacha nyuma ni kaa kamili, mpaka kifuniko cha jicho kipo, ukiona haraka unadhani una kaa wawili. Yeye mwenyewe anatoka kanyauka, makunyanzi matupu, halafu anaanza kunywa maji na kuvimba mbele ya macho yako mpaka anakuwa mkubwa kuliko gamba alilotoka, kama theluthi zaidi.

Hapo saa inaanza kuhesabu. Akibaki majini nusu siku tu ngozi inakuwa kama karatasi ngumu, siku mbili tatu amekaza kabisa. Ukimtoa majini kukaza kunasimama. Ndo maana trei zinapitiwa kila baada ya saa chache mchana na usiku, taa zinawaka, mtu mmoja macho mekundu kuliko hao kaa. Ukimkosa kwa muda mrefu ama amekaza ama jirani kamla. Mkiona bei inawauma kumbukeni kuna mtu hakulala.

Toto La Mjini
Mzee shikamoo, hii ya kuacha mpaka kifuniko cha jicho imenimaliza 😂

Abuu Salma
Assalaam alaykum. Na uhalali wake je? Naona mnakata mkasi tu.

Binti Mvita
Waalaykum salaam. Kaka Abuu hapo maulamaa wana khilafu na kila mtu na madhehebu yake, muulize shekhe unayemwamini, sisi huku tuko sufuriani.

Haya mkasi. Mkate usoni, nyuma kidogo ya macho na mdomo, kwa mkato mmoja bila kusitasita, hapo ndo anakufa, kisha minya kidogo kile kifuko kilicho nyuma ya macho kitoke. Inua ncha ya ngozi ya mgongo upande mmoja, utaona matamvua, yale manyoya ya kijivu, yang'oe yote, hamia upande wa pili. Mgeuze, kile kifuniko cha tumboni, chembamba kwa dume na kipana kwa jike, kivute ukikate. Basi. Ule uteute wa manjano mi nauacha, ndo utamu wenyewe. Suuza haraka na umpike siku hiyohiyo, akishasafishwa hana subira.

Halafu mkaushe, nasema tena mkausheni jamani! Huyu kakunywa maji mengi, Mzee kashaeleza, na maji yale yote yanataka kutoka kwenye mafuta yako. Karatasi za jikoni juu na chini, bonyeza. Miguu na magando nachoma matundu kwa ncha ya kisu mvuke upate njia, bila hivyo vinapasuka na mafuta yanaruka mpaka ukutani, vaa mikono mirefu na watoto watoke jikoni. Unga wa ngano mkavu, chumvi, pilipili manga, Old Bay (ule mchanganyiko wa viungo vya kaa) kidogo, mkung'ute ubaki unga mwembamba tu. Siagi na mafuta nusu kwa nusu moto wa kati, mgongo uanze chini, dakika 3 au 4, geuza, kama hizohizo tena. Anageuka wekundu wa kahawia, miguu ya pembeni inakauka inalialia kama krispi. Mkate mweupe laini, nyanya, ndimu, umemaliza.

Wale wa kumvika rojo nene la mayai na unga wa mkate sijui mnaficha nini. Tempura nyepesi sawa, nakubali, hiyo ya kufunika kaa hata umbo lake lisionekane bora mkaange viazi.

Mkaazi wa Ohio
Bi Mvita sisi huku bara hatuna gati wala mzee wa taa, tunanunua wa barafu kwenye maduka ya Waasia, na mimi nimewala sana, sio wabaya kivile. Someni boksi, wengi wametoka Myanmar, Thailand au Vietnam, na huyo sio kaa wa bluu, ni kaa wa mikokoni, ndugu wa karibu wa kaa koko wetu wa pwani ya nyumbani. Kule kila kaa anawekwa kwenye kiboksi chake cha plastiki kinachoelea bwawani, anasubiriwa vilevile, akijivua tu anatolewa. Ndo hao wengi wanaowekwa kwenye sushi. Ngozi yao ni nene kidogo na gando lina nyama zaidi. Yayushia kwenye friji usiku kucha ndani ya chujio, sio kwenye maji ya bomba, halafu ukaushe mara mbili ya alivyosema Bi Mvita.

Dullah wa Norfolk
Nimewala hao. Wa bluu mtamu zaidi, samahani Ohio.

Mkaazi wa Ohio
Nitumie basi kaka 😅

Dullah wa Norfolk
Kusafirisha nako ni mtihani. Dada Shani, akiwa mzima anakaa siku ngapi kwako? Mke wangu ananiambia nisiwatie kwenye maji watafufuka nguvu.

Mama Shani
Shemeji yuko sahihi, maji ndo yanawakazisha. Mi naweka kwenye trei, kitambaa kibichi juu, chini ya friji, sio kwenye barafu moja kwa moja. Siku moja sawa, ya pili nawakagua asubuhi, ya tatu sijaribu. Nikiona sitapika nawasafisha, nakausha, nafunga mmojammoja kwa plastiki ngumu nisiache hewa, friza.

Binti Mvita
Na miguu ikunjwe ndani kabla ya kufunga, inakatika ovyo ikiganda.

Toto La Mjini
Jumamosi naenda kununua prime wanne. Mkasi wa karatasi unafaa au?

Binti Mvita
Unafaa. Usiurudishe mezani kwa watoto tu.