Laptopu mpya, herufi kama sisimizi. Niuze au nikapime macho?

WakalaMpakani:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 52, kazi yangu ni kupitisha mizigo hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kutwa nzima nasoma namba za chesi na za kontena. Laptopu yangu ya zamani, inchi 15.6, kioo cha vitone 1366 kwa 768, ilikufa mwezi uliopita. Kijana wangu akaniletea nyingine kutoka Kampala, inchi 14, 1920 kwa 1080, akaisifia kwamba kioo chake ni kikali. Ni kikali kweli, ila sioni kitu! Juzi nimeandika B mahali pa 8 kwenye namba ya chesi. Gari la mteja likalala yadi siku mbili, gharama nikabeba mimi.

Fundi mmoja akashusha rezolusheni, yaani idadi ya vitone, hadi 1366 kwa 768. Herufi zikakua, lakini zina ukungu kama karatasi iliyotolewa fotokopi mara tatu. Miwani ya kusomea ninayo, +2.50, niliichagua kwa mchuuzi bila kupimwa.

FundiWandegeya:
Mzee, usiuze. Rudisha 1920 kwa 1080 leo hii. Vitone vya kioo hicho havibadiliki idadi; ukikilazimisha kionyeshe 1366, kitone kimoja kinagawana rangi na jirani yake, ndio huo ukungu. Cha kupandisha ni skeli, yaani ukubwa wa maandishi na vitufe. Bofya kulia pale kwenye picha ya mbele, ingia Display settings, tafuta palipoandikwa Scale, weka 150%.

Kioo chako cha zamani kilikuwa na pikseli (hivyo vitone) kama 100 kwa inchi, hiki kina 157. Gawa 157 kwa 1.5 unapata 105. Yaani herufi zinarudi karibu ukubwa uleule uliouzoea, ila kila moja imechorwa kwa vitone vingi zaidi. B na 8 zitaachana.

Omusaja_Mbale:
Banange, ni uzee tu. Karibu chamani 😂

MuuguziWaMacho:
Mzee, pole na kazi. Fundi amesema kweli, lakini hata hiyo miwani ina kesi. Chukua 100, gawa kwa namba yake: 100 kwa 2.5 ni 40. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, mwisho wa kuona vizuri kwa miwani hiyo ni sentimita 40. Inafaa Kurani au Biblia mkononi. Laptopu mezani hukaa kwenye 55 au 60, kwa hiyo nadhani unaifuata kwa shingo, na jioni inakuuma hapa nyuma. Chukua tepu ya fundi cherehani, mtu akupimie toka jicho hadi kioo ukiwa umekaa kama kawaida yako, uende na namba hiyo kliniki. Usikisie tena.

Na kama usiku unaona duara za rangi kuzunguka taa, au jicho moja limefifia kuliko jingine, usingoje hata wiki.

WakalaMpakani:
Shingo! Nilikuwa nasingizia mto. Tumepima, ni 58. Nimeweka 150% na nimeshangaa, herufi zimesimama kama zimechapwa. Tatizo moja: kuna programu ya ofisini, kitufe cha kuhifadhi kimezama chini ya kioo, sikifikii.

FundiWandegeya:
Ndiyo, kwa 150% programu inaona urefu wa vitone 720 tu (1080 gawa kwa 1.5), na laptopu ya zamani ilikuwa 768. Jaribu 125%, kisha kwenye kurasa za mtandao kuza kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Ikiwa hiyo programu ni kongwe na bado inaonyesha herufi ndogo, bofya kulia kwenye alama yake, Properties, Compatibility, uniambie umeona nini. Tutaendelea kutokea hapo.

WakalaMpakani:
125% kitufe kimerudi. Kliniki naenda Jumatatu, nikimaliza malori mawili.