Naomba ushauri: matangazo yanafunika barua pepe za wateja

Wakuu, habari zenu. Nashona nguo Arusha, na oda nyingi napokea kwa Gmail. Sasa matangazo ya kubeti, mikopo na "umeshinda zawadi" yanamwagika usiku na mchana. Oda ya sare za harusi ilizama humo, nikaiona harusi imeshapita. Inauma sana.

Ya maduka niliyojisajili mwenyewe najitoa kwa kile kiungo cha chini kabisa, yanakoma. Shida ni ya nisiowajua: ukibonyeza kiungo chao wanajua anwani iko hai, wanazidisha. Nikiripoti spamu, yanakuja kwa anwani nyingine.

Kuna anayechuja kwa maneno bila kupoteza barua za wateja? Au nifungue anwani mpya ya biashara tu? Na nafasi ya bure ya Google, GB 15, inakaribia kujaa, maana picha za mishono nazo zimo humohumo. Matangazo haya nayafutaje kwa mkupuo?