Tupeane uzoefu: ukiwa unachunga sukari, unakunywa maziwa gani?

Mleta mada
Wakuu, miaka 2 iliyopita nilipimwa nikaambiwa sukari yangu imeanza kupanda. Haijawa kisukari kamili, ila niko njiani. Siku ileile nikaacha maziwa yenye mafuta yote, nikahamia kwenye yaliyotolewa mafuta. Kwa kuwa ni mepesi, nikawa nashusha glasi 3 kwa siku bila wasiwasi. Ilichukua miezi mpaka nikageuza pakiti zote mbili na kuzisoma kwa pamoja: moja sukari gramu 4.7 kwa mililita 100, nyingine gramu 4.9. Kilichotolewa ni mafuta tu. Glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12, sawa na vijiko 3 vya chai, yawe na mafuta au yasiwe nayo. Kwa hiyo nilikuwa nameza gramu 36 kila siku huku nikiamini najitibu. Iliniuma sana.

Naomba mwenye uzoefu aseme ametumia maziwa gani na mwili ulimjibu vipi.

Mchangiaji wa 1
Pole mkuu. Mimi nina kisukari aina ya 2, huu ni mwaka wa 7. Nilipogundulika niliogopa nikaacha maziwa kabisa, hadi mtaalamu wa lishe akanikalisha chini. Sukari ya maziwa ni laktosi, imo tangu kwa ng'ombe, na haipandishi sukari ya damu kwa kasi kama sukari ya kwenye kopo la jikoni. Nilitaka kuona mwenyewe, nikajipima. Glasi 1 peke yake, baada ya saa 2 mashine ilionyesha kupanda kidogo. Glasi ileile na vipande 2 vya mkate mweupe, ikapanda hadi nikapima tena nikidhani nimekosea. Tangu hapo maziwa nayahesabu ndani ya wanga wa mlo. Nikinywa glasi, mkate unapungua.

Mchangiaji wa 2
Kwangu shida ilikuwa tumbo, likijaa gesi na kuunguruma. Nikanunua maziwa yasiyo na laktosi. Nilipoonja nikakuta matamu kuliko ya kawaida, nikajua tu wametia sukari. Kusoma viambato: maziwa na kimeng'enya cha laktasi, basi. Hicho kimeng'enya huivunja laktosi kuwa glukosi na galaktosi, na ulimi huzisikia hizo mbili kuwa tamu zaidi, ingawa jumla ya sukari kwenye pakiti niliyonayo ni ileile. Tumbo limetulia. Ila anayechunga sukari asiyanunue akidhani hayana sukari.

Mchangiaji wa 3
Mwanangu wa miaka 6 ana mzio wa maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo nimepita karibu aina zote za mimea. Maziwa ya shayiri (oats) yalinishangaza. Mbele yameandikwa "hayakuongezwa sukari", nyuma gramu zaidi ya 3 kwa mililita 100. Wanapoyatengeneza, wanga wa shayiri huvunjwavunjwa kuwa maltosi, ndiyo utamu unaousikia. Ya mchele nayo ni hivyohivyo, tena huwa zaidi. Ya lozi yasiyotiwa sukari ni karibu 0, lakini protini haifiki hata gramu 1, na kwa mtoto anayekua hilo lilinitia hofu. Tumebaki na soya isiyotiwa sukari: sukari chini ya gramu 1, protini kama gramu 3, na tunachagua iliyoongezwa kalisiamu.

Mwenye mtoto chini ya mwaka 1, tafadhali, haya ya mimea si mbadala wa maziwa ya mama wala ya kopo la watoto wachanga. Muone daktari kwanza.

Mleta mada
Asante mama. Na yale ya chokoleti? Wanangu hawataki mengine.

Mchangiaji wa 4
Mkuu, kwa maziwa ya ng'ombe yenye ladha mimi hutoa 5. Pakiti ikisema gramu 10 kwa mililita 100, 5 ni laktosi, zinazobaki zimemiminwa kiwandani. Hizo za kumiminwa ndizo Shirika la Afya Duniani lilizozungumzia mwaka 2015 liliposema zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, na zikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Laktosi iliyomo kwenye maziwa haimo katika hesabu hiyo. Nyumbani nilianza kuchanganya nusu ya chokoleti na nusu meupe, kisha robo. Walilalamika wiki ya kwanza tu.

Maziwa mazito matamu ya kopo ndiyo niliyoyaondoa kabisa kwenye chai. Zaidi ya nusu ya kopo ni sukari.

Mchangiaji wa 5
Mtindi usiotiwa kitu pia. Bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ndiyo ule uchachu. Sukari inapungua kidogo, si sana. Wa matunda soma vizuri.

Mleta mada
Nimeanza glasi 1 asubuhi, yenye mafuta, maana inanishibisha. Swali moja: nimekuta maziwa ya unga yameandikwa sukari gramu 38. Ni sumu au?

Mchangiaji wa 1
Hapana mkuu, hiyo ni kwa gramu 100 za unga mkavu, maji yametolewa. Tafuta safu ya "yakishachanganywa", utaikuta 5 yako palepale.